Krediti 4 za Kalkulasi I: kisa cha kozi mbili za mtandaoni

Barua pepe ya ofisi ya msajili ilimfikia mwanafunzi wangu mmoja asubuhi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Ilikuwa na mistari mitatu. Transkripti, yaani rekodi rasmi ya madaraja, imepokelewa. Krediti 4 zimeingizwa kama krediti za hiari. Sharti la Kalkulasi I bado halijatimizwa. Alinitumia picha ya skrini, na chini yake akaandika: "Mwalimu, kozi si nimeshamaliza? Hawa wanataka nini tena?"

Na kweli alikuwa amemaliza. Ukurasa wake wa mwanafunzi ulijaa tiki za kijani, kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho, na juu kabisa palikuwa na cheti chenye jina lake. Wiki nne za kusoma alfajiri na mchana, na mbele ya chuo alichokuwa anakwenda zikawa hazihesabiki pale zilipotakiwa kuhesabika.

Nafundisha hisabati kwa watu wazima wanaorudi chuoni, na visa vya namna hii nimeviona mara kadhaa. Hiki nakieleza kirefu, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila majina, kwa sababu kina makosa mawili ambayo mtu angedhani hayana undugu: la kwanza la karatasi, la pili la hesabu. Mimi naamini ni kosa moja. Mara zote mbili aliitegemea tiki ya skrini kabla ya kumuuliza yule ambaye angeipokea.

Hali yake ilikuwa hivi. Ni muuguzi msaidizi katika hospitali moja nchini Marekani, zamu tatu za usiku kwa wiki, saa 12 kila zamu. Alikuwa amemaliza chuo cha miaka miwili, na chuo kikuu cha jimbo kilikuwa kimempokea aingie mwaka wa tatu katika sayansi ya kompyuta. Barua ya kupokelewa ilibeba sharti moja tu: Kalkulasi I ya krediti 4, daraja C au zaidi, transkripti rasmi iwe imefika ifikapo tarehe 15 Agosti. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Darasa la kiangazi lililokuwa karibu naye lilikutana jioni nne kwa wiki, na mbili kati ya hizo aliingia zamu. Akaamua kusoma mtandaoni, kwa kozi isiyo na ratiba ya darasa, ambayo mwanafunzi anakwenda kwa kasi yake mwenyewe.

Uamuzi huo haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuja usiku ule ule, alipoandika kwenye kitafutio "kalkulasi mtandaoni krediti za chuo", akafungua tovuti ya kwanza, akasoma kwamba kozi ina "krediti 4 zinazohamishika", akalipa.

Hapo inabidi nisimame kidogo, maana neno hilo "zinazohamishika" ndilo lililomponza.

Kozi hizi ziko za aina mbili, na kwa nje zinafanana: video, mazoezi, majaribio, mtihani wa mwisho. Aina ya kwanza inatolewa na chuo chenye ithibati. Unajiandikisha kama mwanafunzi asiyesomea shahada, unapewa namba ya mwanafunzi, na ukimaliza daraja lako linaandikwa kwenye transkripti ya chuo hicho kama daraja la mtu aliyekaa darasani. Aina ya pili inatolewa na kampuni ya masomo ambayo yenyewe si chuo. Kampuni haina krediti za kutoa. Inachokuwa nacho ni pendekezo la American Council on Education, ambalo watu wengi hulitaja kwa herufi zake, ACE.

Baraza hili liliundwa mwaka 1918. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilishika kazi ya kutathmini mafunzo ya wanajeshi waliokuwa wanarudi masomoni, ili chuo kiweze kujua kwamba mafunzo fulani ya jeshini yana uzito wa kozi fulani. Mwaka 1974 utaratibu huo ukapanuliwa hadi kwenye mafunzo ya makampuni na taasisi nyingine. Wataalamu wake wanakagua kozi, kisha wanapendekeza: hii inastahili krediti 3, hii 4. Ni kazi ya maana, na imewasaidia watu wengi kutolipia mara mbili kitu wanachokijua. Lakini pendekezo linabaki pendekezo. Chuo kinachopokea kinaweza kulikubali lote, kulikubali kwa masomo ya hiari peke yake, au kulikataa. Idara za hisabati na uhandisi mara nyingi ndizo zenye masharti makali zaidi, kwa kuwa Kalkulasi I ni mlango wa Kalkulasi II, fizikia, takwimu na kozi nyingine nyingi.

Chuo cha dada huyu kilikuwa na utaratibu huo wa katikati. Mapendekezo ya ACE kilikuwa kinayapokea kama krediti za hiari. Kwa sharti la programu kilitaka kozi ya chuo chenye ithibati. Habari hii ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ukurasa wao wa uhamisho, aya ya sita. Kampuni iliyomuuzia kozi haikusema uongo, maana krediti zilihamishika kweli, zikatua mahali ambapo hazikumfaa.

Siilaumu aina ile ya kozi. Kuna vyuo vinavyoyapokea mapendekezo hayo kwa mikono miwili na kuyahesabu kwenye shahada, na kwa mwanafunzi wa huko ni njia ya bei nafuu na ya haraka. Ninachosisitiza ni mpangilio wa maswali. Watu wanaanza na "kozi gani nzuri?" wakati swali la kwanza ni "nani atakayeipokea, na ataiandika kama nini?" Jibu la swali hilo haliko kwenye tovuti ya muuzaji. Liko kwa msajili wa chuo unachokwenda, na linapatikana kwa barua pepe isiyozidi nusu ukurasa.

Tuliiandika pamoja asubuhi ile ile, yeye akisinzia upande wa pili wa simu. Naiweka hapa karibu yote:

"Nimepokelewa kuingia muhula wa vuli, namba yangu ya mwanafunzi ni hii. Nataka kusoma Kalkulasi I ya krediti 4 katika chuo hiki, namba ya kozi ni hii, na silabasi nimeambatisha. Naomba kuthibitishiwa kwa maandishi, kabla sijalipa: je, itahesabiwa kama Kalkulasi I yenu, yaani itanifungulia Kalkulasi II, au itaingia kama krediti za hiari? Je, idara ya hisabati ina sharti lolote kuhusu mtihani wa mwisho kusimamiwa? Daraja la chini mnalopokea ni lipi? Na transkripti ikifika tarehe 15 Agosti, je, tarehe hiyo ni ya kupokelewa au ya kutumwa?"

Jibu lilirudi baada ya siku tatu za kazi. Itahesabiwa kama Kalkulasi I. Mtihani wa mwisho lazima uwe umesimamiwa. C kamili, C-minasi haipokelewi. Tarehe ni ya kupokelewa. Kila kipengele cha jibu hilo kilibadilisha jambo fulani katika mpango wetu, na barua yenyewe tuliihifadhi, maana ofisi hubadilisha watu, na kilichoandikwa ndicho kinachomlinda mwanafunzi.

Kabla ya kujiandikisha tulipima njia ya tatu, mtihani wa CLEP. Huu unaendeshwa na College Board, na umekuwapo tangu 1967. Hauhitaji kusoma kozi yoyote. Unakwenda, unafanya mtihani wa dakika 90, unapata alama kati ya 20 na 80, na kwa Kalkulasi ACE inapendekeza krediti 4 kwa anayefikisha 50. Karibu nusu ya maswali ni ya derivativu (kasi ya mabadiliko), takriban asilimia 40 ni ya integrali (kujumlisha mabadiliko, kama eneo chini ya mchoro), na sehemu ndogo iliyobaki ni vikomo (thamani ambayo hesabu inaikaribia). Kwa mtu aliyesoma kalkulasi sekondari akaishika vizuri, mimi humshauri aanze na huu, baada ya kuuliza chuo chake kama kinaupokea na kwa alama ngapi. Dada huyu hakuwa mtu huyo. Isitoshe, ukishindwa CLEP unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani huo huo, na miezi mitatu kutoka Juni inaangukia Septemba. Angekuwa ameweka mwaka wake wa masomo kwenye dakika 90. Tukaiacha.

Tarehe 16 Juni akajiandikisha katika kozi ya aina ya kwanza, ya chuo chenye ithibati. Ada ilikuwa mara kadhaa ya ile aliyoilipa mwanzo, na alilipa mfukoni mwake, kwa kuwa misaada ya masomo ya serikali ya shirikisho kwa kawaida inamhitaji mtu awe amesajiliwa kusomea shahada. (Wanaosoma Marekani kwa viza ya F-1 wana jambo jingine la kuangalia: katika mzigo wao wa lazima wa muhula, kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, ndiyo inayohesabika. Waulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kulipa chochote.)

Sasa saa. Kwa tafsiri inayotumika Marekani, krediti moja ya muhula ni saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Krediti 4 basi ni 4 mara 3 mara 15, yaani saa 180. Kozi ya kasi yako haikupunguzii saa hizo. Inakuachia tu uzipange. Tulihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 15 Agosti. Transkripti ichukue siku mbili kufika. Daraja la mwisho lichukue hadi wiki moja kuingizwa. Kwa hiyo mtihani wa mwisho usivuke tarehe 6. Zilibaki wiki saba na siku chache. Saa 180 kwa wiki saba ni kama saa 26 kwa wiki, juu ya saa 36 za hospitali.

Alinyamaza kidogo aliposikia hesabu hiyo. Kisha akasema video nyingi alishaziona katika kozi ya kwanza, kwa hiyo hatahitaji saa zote hizo. Nilikubaliana naye. Hilo ndilo kosa langu mimi katika kisa hiki, na nalitaja kwa sababu lilitugharimu wiki nzima.

Wiki mbili na nusu za kwanza alikimbia. Mazoezi ya nyumbani yalikuwa yanasahihishwa na programu, na wastani wake ukawa 94. Tarehe 4 Julai akakaa mtihani wa kwanza wa kati, ukiwa na msimamizi wa mbali: kitambulisho mbele ya kamera, kamera ikazungushwa chumbani, meza tupu isipokuwa karatasi nyeupe na penseli. Akapata 58.

Pengo la 94 na 58 ndilo kiini cha kisa hiki kwa upande wa hesabu. Nilimwomba askani karatasi zake za mtihani anitumie. Swali la pili lilikuwa la kawaida kabisa: tafuta kikomo cha (√(x+4) − 2)/x, x ikikaribia 0. Kwenye mazoezi alikuwa amejibu maswali ya sura hiyo hiyo zaidi ya matano, yote sahihi. Kwenye karatasi, mstari wake wa kwanza ulisomeka √(x+4) = √x + 2. Kisha akatoa 2 kwa 2, akabaki na √x/x, akaandika kwamba kikomo hakipo.

Nilimpigia simu, nikamwambia aweke 5 mahali pa x katika mstari ule wa kwanza. Upande wa kushoto, 5 na 4 ni 9, kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Upande wa kulia, kipeuo cha 5 ni kama 2.24, ongeza 2, unapata 4.24. Nilimsikia penseli ikigonga meza. "Kumbe hazilingani," alisema. "Mimi siku zote nafanya hivi."

Siku zote. Tangu aljebra ya sekondari alikuwa anagawa kipeuo juu ya jumlisho, na programu ya mazoezi haikuwahi kumgundua, kwa sababu mbili. Kwanza, majibu yalikuwa ya kuchagua, na chaguo lisilo na sura ya kipeuo lilionekana "safi" zaidi. Pili, alipokwama palikuwa na kitufe cha dokezo, na dokezo lilimfanyia hatua ile ile aliyokuwa haijui: zidisha juu na chini kwa √(x+4) + 2. Juu kunakuwa x + 4 − 4, yaani x peke yake. X ya juu na ya chini zinaondoka. Kinabaki 1 juu ya √(x+4) + 2, na x ikifika 0 jibu ni 1/4. Ukiisoma hatua hii kwenye skrini unaielewa na kutikisa kichwa. Kuielewa ukiisoma na kuizalisha kwenye karatasi tupu ni vitu viwili, na mtihani unasimamiwa kwenye karatasi tupu.

Kati ya alama 42 alizopoteza, tulihesabu pamoja: alama 9 tu zilitokana na kalkulasi yenyewe. Nyingine zote zilikuwa za aljebra na trigonometria: vipeuo, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kusahau mabano baada ya alama ya kutoa, kutokumbuka kwamba sin² x ni mraba wa sin x. Nimefundisha kwa muda wa kutosha kusema kwamba hali hii ndiyo ya kawaida. Watu wanaoangushwa na Kalkulasi I wengi wao wanaangushwa na kilichotangulia, na kozi ya kasi yako inawaficha kwa muda mrefu zaidi kuliko darasa, kwa kuwa hakuna mwalimu anayepita kati ya madawati akachungulia daftari.

Ilibidi tuchague. Wiki tano zilibaki, na saa zisizotosha. Tukasimamisha kozi kwa siku sita. Siku sita nzima hakugusa derivativu hata moja. Alifanya aljebra kwenye karatasi, kipengele kwa kipengele, na kwa kila kosa aliandika kwenye daftari dogo mistari miwili: nilichofanya, na namba niliyoweka kujihakikishia kwamba si sahihi. Ile ya kuweka 5 mahali pa x ilimkaa sana. Akawa anaitumia kila mahali, hata pale isipohitajika, nami sikumzuia.

Aliporudi kwenye kozi tulibadili namna ya kufanya mazoezi. Kila swali kwanza kwenye karatasi, chaguo za majibu zikiwa zimefunikwa kwa kipande cha karatasi juu ya skrini. Dokezo likitumika, swali lile linarudiwa kesho yake bila dokezo, na mpaka hapo halihesabiwi kuwa limefanyika, hata kama programu imeshaliwekea tiki. Wastani wake wa mazoezi ulianza kushuka. Nilimwambia ni dalili njema.

Mfano mmoja wa wiki ile ningependa usomwe polepole, maana ndipo nilipoona amebadilika. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta. Mguu wake unateleza kwenda nje kwa mita 1 kwa sekunde. Mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, ncha ya juu inashuka kwa kasi gani? Alianza na Pythagoras: x² + y² = 25. Kisha, kama wengi wanavyofanya, akaweka 3 mahali pa x palepale: 9 + y² = 25. Akatafuta derivativu ya pande zote, 9 ikatoweka, 25 ikatoweka, akabaki na 2y mara kasi ya y sawa na 0. Kwa hiyo ncha ya juu haishuki.

Zamani angeandika 0 na kuendelea. Safari hii alinipigia simu mwenyewe. "Mwalimu, jibu langu linasema ngazi imesimama, na swali linasema inateleza. Nimeisimamisha wapi?" Sikumjibu. Alikaa kimya kama dakika moja, kisha akasema: "Nilipoweka 3." Hasa. Ukiweka 3 kabla ya derivativu umeiambia hesabu kwamba mguu wa ngazi hausogei. Iache x iwe x, chukua derivativu kwanza, kila herufi ikibeba kasi yake: 2x mara kasi ya x, jumlisha 2y mara kasi ya y, sawa na 0. Ndipo uweke 3, na y inakuwa 4, na kasi ya mguu 1. Ncha ya juu inashuka kwa robo tatu ya mita kwa sekunde. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena na wasiwasi kuhusu uwezo wake. Wasiwasi ulibaki kwenye kalenda.

Nayo kalenda ilitubana mahali ambapo hatukupategemea. Kozi ya kasi yako ina kasi mbili, ya mwanafunzi na ya msahihishaji. Hapa, kila baada ya sura mbili kulikuwa na kazi ya maandishi iliyosahihishwa na mtu, na mtihani unaofuata haukufunguka mpaka kazi irudi. Silabasi ilisema usahihishaji unaweza kuchukua hadi siku tano za kazi. Tulikuwa tumeisoma sentensi hiyo mwezi Juni, tukaipita. Katika wiki ya tatu ya Julai alimaliza sura mbili kwa siku nne, kisha akasubiri siku tano akiwa hana la kufanya ila kurudia. Laiti tungeigawa kazi ile tangu mwanzo, sura ya kwanza itumwe wakati ya pili inasomwa, siku zile zisingepotea. Anayepanga kozi ya namna hii ahesabu siku za msahihishaji kama anavyohesabu zake.

Mtihani wa pili, 76. Mtihani wa mwisho aliufanya tarehe 6 Agosti, siku ile ile tuliyoiweka kuwa mpaka, saa nne asubuhi baada ya usiku aliobadilishana zamu na mwenzake. Silabasi ilikuwa na kanuni kwamba anayepata chini ya 60 kwenye mtihani wa mwisho anashindwa kozi nzima, hata mazoezi yake yawe na wastani gani, na nadhani ni kanuni ya haki. Alipata 81.

Hesabu ya daraja ilikuwa hivi: mazoezi asilimia 20, kila mtihani wa kati asilimia 20, wa mwisho asilimia 40. Mazoezi yalimalizikia 90, chini ya yale 94 ya mwanzo, na yakampa 18. Mtihani wa kwanza 11.6, wa pili 15.2, wa mwisho 32.4. Jumla 77.2. C-plasi. Kama angepata 90 ya mazoezi kwa njia yake ya zamani, mtihani wa mwisho ungefanana na ule wa kwanza, na kwa 58 kanuni ya 60 ingemwondoa moja kwa moja.

Daraja liliingizwa tarehe 11. Transkripti ya kielektroniki iliombwa siku hiyo hiyo na ikapokelewa tarehe 13. Nafasi yake chuoni ikathibitishwa.

Sehemu iliyobaki haikwenda tulivyotaka. Kupokelewa kwa transkripti na kutathminiwa kwake ni hatua mbili, na katika msimu ule ofisi ya uhamisho ilikuwa na foleni. Krediti ziliingia kwenye rekodi yake wiki ya pili ya Septemba. Kabla ya hapo mfumo wa kujiandikisha ulimwona kama mtu asiye na Kalkulasi I, ukamfungia Kalkulasi II, na ulipomfungulia, madarasa yalishajaa. Mshauri wake wa masomo alimwambia angeweza kumwandikia ruhusa ya muda mwezi Agosti, kwa kuonyesha ile barua ya msajili na matokeo, kama angeomba. Hatukujua kwamba jambo hilo linaombwa. Wiki nne zilizopotea kwenye kozi ya kwanza nazo zingetosha kabisa kutuepusha na foleni hiyo. Muhula huo alisoma programu, hisabati ya mantiki na kozi moja ya uandishi, na daraja lake la C-plasi halikuingia kwenye wastani wake wa chuo kipya. Kama kawaida ya vyuo vingi, krediti zilihamia, daraja likabaki lilikotoka.

Januari akaanza Kalkulasi II, darasani, asubuhi, baada ya kubadilisha zamu zake kuwa za mwisho wa wiki. Desemba nzima tulikuwa tumekutana mara moja kwa wiki kurudia integrali, kwa kuwa miezi mitano ni mirefu kwa mkono usioandika. Katika wiki ya pili alinitumia picha ya ukurasa wa daftari. Swali lilikuwa na √(x² + 9) ndani ya integrali, na pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: x = 4, kushoto 5, kulia 7, usiguse.